Fidia kwa Aliyefungwa Bila Hatia ni Deni la Haki, Si Sadaka

Mwezi Machi 2025, mahakama nchini Japani iliamuru Serikali imlipe Bwana Iwao Hakamada fidia ya yeni zaidi ya milioni 217. Mwanandondi huyo wa zamani alikamatwa mwaka 1966 kwa tuhuma za mauaji ya watu wanne, akahukumiwa adhabu ya kifo mwaka 1968, na kwa jumla akakaa kizuizini zaidi ya miaka 47. Akiwa gerezani, mwaka 1984, alibatizwa katika Kanisa Katoliki. Mwezi Septemba 2024 mahakama ilitamka kwamba hana hatia, ikibainisha kuwa wapelelezi walibuni ushahidi dhidi yake.

Ibara ya 40 ya Katiba ya Japani humpa aliyeachiwa huru haki ya kuidai Serikali fidia. Malipo hukokotolewa kwa siku. Hakamada alipewa yeni 12,500 kwa kila siku, kiwango cha juu kabisa kisheria.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao, unaagiza vivyo hivyo katika ibara ya 14. Masharti yake ni haya: hukumu iwe ilikuwa ya mwisho; iwe imebatilishwa, au mfungwa amesamehewa, kwa sababu ukweli mpya umeonesha wazi kwamba haki ilipotoshwa; na mfungwa mwenyewe asiwe ndiye aliyeuficha ukweli huo. Fidia hulipwa kwa mujibu wa sheria. Hivyo, pasipo sheria ya nchi inayoeleza nani adai, wapi na kiasi gani, haki hiyo hubaki katika maandishi.

Mama Kanisa anafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli hudai malipizi, hata mkosaji akiwa amekwisha kusamehewa (Katekisimu, 2487). Zakayo hakuishia kutubu. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Serikali nayo, inapomlipa aliyefungwa bila hatia, haimhurumii bali inalipa deni lake.

Hata hivyo, fedha hazirudishi ujana, wala wazazi waliofariki mwana wao akiwa kifungoni. Malipizi hudai pia kurejesha jina jema la mtu. Hapo ndipo jumuiya zetu ndogondogo zina wajibu: kumpokea anayerudi pasipo minong'ono, na kumsindikiza anapodai haki yake.