Kwinini na wapinzani wake: rekodi za alkaloidi

Vipo vitu vichungu kuliko kwinini, lakini kwinini ndiyo mizani. Wataalamu wa dawa wa Ulaya hupima uchungu wa mimea kwa kuulinganisha na chumvi ya kwinini, waliyoipa alama 200,000: gramu moja ukiichanganya na lita 200 za maji, ulimi bado unaitambua. Bukavu wanaijua biashara hii kwa karibu, maana kiwanda cha Pharmakina huitoa kwinini kwenye magome ya mkinkina, mti wa milima ya Andes uliokuja kuzoea vilima vya Kivu. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Java, kisiwa kilichokuwa kikitoa zaidi ya asilimia 90 ya magome ya dunia, magome ya Kongo yalipanda thamani ghafla.

Kwinini ni alkaloidi, jamii ya kemikali ambazo mimea mingi hujitengenezea ili isiliwe. Jamii hiyo ina mabingwa wake wa kuvuruga seli za neva.

Mmoja wa wenye kasi ni striknini. Hupatikana kwenye mizizi ya Strychnos icaja, mtambaazi wa misitu ya Kongo uliotumiwa kama mwavi kuwapima washukiwa wa uchawi. Ndani ya uti wa mgongo huziba mahali pa kupokelea glisini, ujumbe unaoiambia misuli itulie. Misuli yote hukaza kwa pamoja, pumzi hukwama, na akili ya mtu i macho muda wote. Pelletier na Caventou waliitenga Paris mwaka 1818. Mwaka 1820 wawili hao hao wakaitenga kwinini.

Kwa ulaghai, hakuna anayeishinda skopolamini ya maua ya tarumbeta yale yanayoning'inia bustanini. Huziba asetilikolini, mboni zikapanuka, mdomo ukakauka, mtu akazungumza na wasiokuwepo. Kafeini, alkaloidi iliyomo pia kwenye kahawa ya kisiwa cha Idjwi, inashikilia rekodi ya kunywewa, basi.

Msomaji wa Burhinyi ataniuliza: na konzo je? Ugonjwa huo umeripotiwa kwao, na huipooza miguu isirudi tena kama zamani. Lakini mkosaji ni sianidi ya mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, wala si alkaloidi. Namwondoa mashindanoni kwa shingo upande.

Taji naipa kwinini, kwa sababu ndiyo sumu ambayo watu huandikiwa na daktari. Masikio hulia kwanza, kwani seli za nywele za sikio la ndani huguswa mapema. Kwa kawaida hupona dawa ikikoma. Macho hayana bahati hiyo: dozi ikizidi sana, retina hudhurika, mtu hupofuka ndani ya saa chache, na hata akirudishiwa kuona, mara nyingi hubaki na uwanja mwembamba. Halafu kuna njia ya kificho. Kwinini huchochea kongosho kumwaga insulini, sukari ya damu hushuka, na seli za ubongo hukosa chakula. Mjamzito mwenye malaria kali akizimia, ni rahisi kuilaumu malaria kumbe ni sukari.

Jambo la ajabu kuliko yote ni hili: takriban miligramu 10 katika lita ya damu ni kiwango cha tiba kwa mgonjwa wa malaria kali, na kiwango hicho hicho kinaweza kumpofusha mzima. Homa huongeza protini fulani ya damu inayoishika dawa, ikabaki kidogo iliyo huru kudhuru.

Mwaka 2010 utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha vifo asilimia 8.5 kwa waliopewa dawa ya artesuneti na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Tangu hapo artesuneti ndiyo chaguo la kwanza kwa malaria kali. Pale isipopatikana, kwinini hurudi kazini, na hatari iliyo karibu zaidi huwa ni sindano yenyewe: dawa hii ni kali kama asidi, na ikichomwa takoni karibu na neva kuu ya mguu, mtoto anaweza kuburuta wayo maisha yake yote. Ndiyo maana, dripu isipowezekana, huzimuliwa kwanza, dozi ikagawanywa mara mbili, nusu paja hili, nusu lile, upande wa mbele.