Kabla Hujanunua Seng'enge, Jua Kwanza Mzingo wa Shamba Lako



Kuna swali vijana wananiuliza sana: "Afisa, uzio wa ekari moja unakula roli ngapi za seng'enge?" Jibu langu huwa lile lile: niambie kwanza shamba lako lina umbo gani. Ekari inapima eneo, yaani ukubwa wa ndani. Uzio haufuati eneo, unafuata mzingo, yaani urefu wa pande zote ukijumlishwa, kuanzia kona moja mpaka urudi pale pale. Ukichanganya hivi viwili, waya unaisha uzio haujafunga, na mbuzi wa jirani hawasubiri ukatafute hela nyingine.

Ekari ni ile ile, gharama siyo

Chukua mashamba matatu. Kila moja lina mita za mraba 4,096, yaani ekari moja na kidogo tu (ekari ni kama mita za mraba 4,047).

- Mita 64 kwa 64: mzingo ni mita 256.
- Mita 32 kwa 128: mzingo ni mita 320.
- Mita 16 kwa 256: mzingo ni mita 544.

Tuseme unaweka nguzo kila baada ya mita 4 na unavuta mistari 4 ya waya. Shamba la kwanza linataka nguzo 64 na waya mita 1,024. La tatu linataka nguzo 136 na waya mita 2,176. Ni zaidi ya mara mbili, na eneo la kupanda nyanya ni lile lile! Kwa hiyo wewe unayetaka kununua kipande kirefu chembamba kwa sababu bei yake ni nzuri, weka kwanza gharama ya uzio kwenye hesabu, halafu ndiyo ukubali bei.

Kanuni za kukumbuka

- Mraba: upande mmoja zidisha kwa 4.
- Mstatili: urefu jumlisha upana, kisha zidisha kwa 2.
- Pembetatu: jumlisha pande zote tatu.
- Duara: kipenyo zidisha kwa 3.14.
- Shamba lenye kona nyingi: pima upande mmoja mmoja, andika, jumlisha zote.

Usidharau duara. Wafugaji wa kuku wanalihitaji kwenye bruda, kwa sababu vifaranga hawapati kona ya kurundikana na kukandamizana. Bruda ya kipenyo cha mita 3 ina mzingo wa mita 9.42. Ukitumia siling bodi za futi 8 (mita 2.44), nne zinatosha na inabaki sehemu kidogo ya kupishanisha.

Angalia hii "70 kwa 70"

Mtaani tumezoea kusema ekari ni 70 kwa 70. Hizo ni hatua za miguu, siyo mita. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, na mzingo wake ni mita 280. Ekari kamili yenye umbo la mraba ina mzingo wa mita 254 hivi. Kwa mistari 4, tofauti hiyo ni zaidi ya mita 100 za waya. Na hatua za mtu mrefu siyo sawa na za mtu mfupi, kwa hiyo tumia futi kamba.

Kupima shambani

1. Kubaliana na majirani kuhusu mipaka kabla ya kuchimba shimo hata moja.
2. Piga kigingi kila kona na kila mahali mpaka unapokata.
3. Pima kati ya kigingi na kigingi, mkiwa wawili, kamba ikiwa imekazwa.
4. Upande uliopinda, kama wa mtoni, ugawe vipande vifupi vilivyonyooka.
5. Kwenye mteremko, laza kamba kufuata ardhi, maana waya nao utafuata ardhi.

Programu za kupimia za kwenye simu zinasaidia kwa makadirio, lakini zinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kwa shamba dogo usizitegemee peke yake.

Kutoka mzingo hadi dukani

Turudi kwenye lile shamba la mita 64 kwa 64. Toa geti la mita 4: zinabaki mita 252. Zidisha kwa mistari 4, unapata mita 1,008. Ongeza asilimia 5 ya kufungia na kuunganishia: mita 1,058 hivi. Kama lebo inasema roli moja lina mita 200, unahitaji roli 6. Soma lebo kila mara, maana roli hazilingani urefu, na roli la bei ndogo linaweza kuwa fupi tu.

Nguzo nazo: uzio unaofunga kote, gawa mzingo kwa nafasi kati ya nguzo. Ukizungushia upande mmoja tu ulionyooka, gawa halafu ongeza nguzo 1 ya mwisho. Nguzo za kona na za geti ziwe nene zaidi, ndizo zinazobeba mvuto wa waya.

Hata ukiamua kupanda michongoma badala ya waya, hesabu haibadiliki. Mita 252 kwa nafasi ya nusu mita ni miche 504, na michache ya akiba kwa itakayokufa.

Hesabu hii inamalizika kwa asubuhi moja, kwa futi kamba, daftari na mtu wa kukushikia upande wa pili. Pima kwanza, andika, ndipo uende dukani.