Milango ya Janus: Vita na Amani katika Sarafu za Roma

Upande mmoja wa sestersi alizotoa Kaisari Nero katika miaka ya 60 Baada ya Kristo una kichwa chake, na upande wa pili wa baadhi yake una jengo dogo lenye milango iliyofungwa. Sestersi ilikuwa sarafu nene ya mchanganyiko wa shaba na zinki, yenye kipenyo cha milimita 35 hivi, iliyotengenezwa kwa kuweka kipande cha madini kati ya mihuri miwili na kukigonga kwa nyundo. Jengo hilo ni hekalu la Janus, mungu wa nyuso mbili aliyesimamia milango na mianzo yote, na kwa desturi ya Warumi milango yake iliachwa wazi wakati wa vita na kufungwa pale tu dola ilipokuwa na amani pande zote, jambo lililotokea kwa nadra sana.

Sarafu hiyo ikitazamwa kwa karibu, huonekana shada lililotundikwa juu ya milango, na ukingoni maneno ya Kilatini yanayotangaza kwamba Nero alimfunga Janus baada ya watu wa Roma kupata amani nchi kavu na baharini. Kitenzi kilichotumika hapo kwa maana ya “kupata” kina pia maana ya kuzaa, nayo maana hiyo inafichua imani ya Warumi kwamba amani ni mtoto wa ushindi.

Imani hiyo inajitokeza tena katika sarafu za Kaisari Vespasian, aliyeshika utawala baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 69. Katika baadhi yake Pax, mungu wa kike wa amani, hushika tawi la mzeituni, ishara ya upatanisho, huku kwa mwenge akichoma lundo la silaha. Baadaye, katika sarafu za Kaisari Trajan, Pax huyo huyo anamkanyaga mateka wa Dakia.

Hata hivyo, Vespasian alitoa pia sarafu za kutangaza kutekwa kwa Yudea, zenye mwanamke aliyeketi chini ya mtende, kichwa amekiinamisha kwa majonzi. Tawi la mzeituni na machozi ya mwanamke huyo vilipita katika mikono ile ile, kwa kuwa amani ya mshindi ilikuwa msiba wa aliyeshindwa.