Piano Haikumtosha

Mtu akizungumza, sauti yake hupanda na kushuka kwa hatua ndogo ndogo. Piano ina hatua 12 tu katika oktavu moja. Harry Partch wa California (1901–1974) hakuridhika, akaigawa oktavu mara 43. Dukani hakukuwa na ala za kupiga sauti hizo, basi akaziunda mwenyewe.

Klabuni tulisikiliza rekodi zake. Kilichotunasa ni mitungi ya kioo kutoka maabara ya mionzi ya Berkeley, aliyoikata na kuitundika. Ukiigonga hulia kama kengele ya mbali. Ukivunjika mmoja, mwingine hautatoa sauti ileile.

Halafu kuna marimba. Ndiyo, neno la Kibantu, hadi California! Ile kubwa, Marimba Eroica, ina ubao unaozidi mita mbili. Mlio wake unausikia tumboni kabla ya masikioni. Ala nyingine ni kengele zilizofungwa kwenye vibuyu, juu ya tawi la mkaratusi. Bibi zetu wangeuliza maji yako wapi.

Katika Delusion of the Fury, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1969, wapigaji huimba na kuigiza pia. Hilo halikutushangaza, ngomani nani hukaa kando?

Lakini muziki huu hauna ala mbadala. Zikiharibika, zinabaki rekodi tu. Ndiyo maana tulifurahi kujua kwamba Ensemble Musikfabrik ya Cologne ilitengenezewa nakala za ala hizo, ikaupiga mchezo huo Ujerumani mwaka 2013.