Kalkulasi Inakusumbua? Hapa Ndio Utatoa Maswali Kabla ya Pepa

Msee, tusidanganyane. Taimtebo imebandikwa, integrali za mara mbili bado ni kizungumkuti, na daftari yako iko na kurasa sita pekee. Naijua hiyo feeling. Mimi nilisoma noti usiku tatu mfululizo bila kufanya swali hata moja. Pepa ikanimeza, supp nikaihepa, chuo kikaisha hivyo. Wewe usipite hiyo njia.

Kusoma noti si kujiandaa. Ni kama boli ya mtaa: kucheki mechi ukiwa nje ya laini hakukufanyi striker. Unataka maswali, tena yenye majibu.

Pepa za nyuma. Anza na library ya chuo yako na wasee walio mwaka mmoja mbele. Sanya za miaka kadhaa, uandike ni maswali gani hurudi kila mara.

Paul's Online Math Notes. Ni ya Paul Dawkins, mwalimu wa Lamar University kule Texas, na ni bure. Ingia Calculus III. Practice Problems ziko na majibu hatua kwa hatua. Assignment Problems hazina. Jifunze na za kwanza, jipime na za pili.

OpenStax, Calculus Volume 3. Pakua PDF mara moja, bando isikusumbue tena. Majibu ya maswali ya namba witiri yako mwisho wa kitabu.

MIT OpenCourseWare. Tafuta kozi 18.02. Utapata mitihani yao yenyewe pamoja na masuluhisho.

Kejani ni kelele, jirani amefungulia spika? Kuna library za kaunti Kaloleni na Makadara, na ile ya KNLS Buru. Beba PDF kwa simu, kalamu na karatasi, kisha zima data.

Sasa fomu ni hii: fanya swali bila kucheki jibu. Ukikwama dakika 20, fungua hatua moja tu, funga, endelea mwenyewe. Kesho yake rudia hilo swali kwa karatasi safi. Ukishindwa tena, hukuwa umeelewa, ulikuwa umekopi tu. Wiki ya mwisho, weka saa na ufanye pepa nzima kama uko kwa hall.

Mathe alijinyima ndio fees ilipwe. Swali la kwanza lifanye leo, hata kama ni moja.