Wafanyabiashara Katika Bunge la Marekani: Nathan Appleton

Nathan Appleton alizaliwa mwaka 1779 katika kijiji cha New Ipswich, New Hampshire. Mwaka 1794, angali kijana mdogo, alihamia Boston kufanya kazi katika duka la kaka yake Samuel. Baadaye walishirikiana kuagiza bidhaa kutoka Uingereza, nao wakatajirika.

Mwaka 1811 alikutana mjini Edinburgh na Francis Cabot Lowell, ambaye alikuwa akichunguza viwanda vya pamba. Miaka miwili baadaye Lowell alianzisha kampuni huko Waltham, akamwomba atie dola 10,000. Appleton, kwa tahadhari ya muuza duka, alitoa 5,000 tu. Kiwanda hicho kilisokota nyuzi na kufuma kitambaa chini ya paa moja, mashine zikiendeshwa kwa nguvu za maji. Faida yake iliondoa wasiwasi wote. Lowell alifariki mwaka 1817, na katika miaka ya 1820 Appleton na wenzake walijenga kando ya mto Merrimack mji mzima wa viwanda, wakaupa jina la Lowell. Viwanda vya New England ndivyo vilivyofuma merikani, kitambaa kizito kilicholetwa Zanzibar na meli za Salem, kisha kikapelekwa bara na misafara na kutumika kama fedha.

Katika uchaguzi wa 1830 Appleton alimshinda Henry Lee, mfanyabiashara mwenzake aliyetetea biashara huria. Katika Baraza la Wawakilishi, 1831 hadi 1833, alipigania ushuru wa kukinga viwanda vya nyumbani. Majimbo ya Kusini yaliupinga vikali, na South Carolina ilitangaza mwaka 1832 kwamba haitautambua. Alirudi barazani kwa miezi michache mwaka 1842.

Doa la maisha yake ni utumwa. Pamba ya Lowell ilichumwa na watumwa wa Kusini, na Appleton alitaka amani na waliowamiliki. Mwaka 1848 rafiki yake Charles Sumner, mpinzani wa utumwa, aliwashutumu hadharani wenye viwanda kwa kushirikiana na wamiliki wa watumwa. Appleton alimwandikia kupinga, na urafiki wao ukavunjika. Katika jambo hilo Sumner ndiye aliyekuwa na haki.

Appleton alifariki Boston tarehe 14 Julai 1861, vita vya Kaskazini na Kusini vikiwa vimeanza. Makala ijayo itamwelezea Abbott Lawrence, mfanyabiashara mwingine wa Boston aliyeingia barazani mwaka 1835.