Utepe wa Joto Kali: Twanunua Jina au Twanunua Kazi?

Katika karakana zinakosukwa mota hutumika utepe wa gundi, mwembamba, wenye rangi ya kaharabu, ambao hukinga nyaya za umeme zisigusane penye joto kali. Mafundi wengi huuita Kapton, uwe umetengenezwa na nani, kama vile dawa ya meno ya kila aina iitwavyo kolgeti. Mdomoni jambo hilo halina madhara; likiingia katika hati ya ununuzi, fedha za wananchi hupotea.

Kapton ni jina la biashara la utando wa poliimaidi uliobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani katika miaka ya 1960. Wajapani nao wana wao: Apical wa Kaneka na Upilex wa Ube. Tena Kapton yenyewe ni utando tu. Gundi hupakwa baadaye, mara nyingi na kampuni nyingine. Basi anayeandika "Kapton" akanyamaza hakusema neno lolote juu ya gundi.

Hatusemi kwamba kila cha bei nafuu kiaminiwe. Rangi ya kaharabu yaweza kutiwa hata katika utepe wa poliesta, ambao kwa kawaida hufaa hadi nyuzijoto 130 za Sentigredi, na mota ya daraja H huruhusiwa kufika 180. Mota iliyofungwa utepe huo itazunguka vizuri siku ya makabidhiano. Itaungua baadaye, mashine isimame, na zamu nzima ya ndugu zetu ikae bure. Na lawama atatwishwa fundi, wala si karani aliyetia sahihi. Hilo ndilo linalotuudhi.

Kanuni za ununuzi wa umma katika nchi nyingi hutaka jina la biashara likitajwa lifuatwe na maneno "au inayolingana nayo". Kulingana kwa lipi? Yaandikwe: aina na unene wa utando, aina ya gundi, joto la kazi ya kudumu, si la dakika chache, na nguvu ya umeme inayostahimiliwa. Muuzaji asiye na karatasi ya vipimo ya mtengenezaji aende zake.

Na fundi aitwe kabla ya fedha kutoka. Kipande kidogo kikishikwa kwa koleo juu ya moto, mahali penye hewa, husema kweli: poliesta huyeyuka na kudondoka, poliimaidi hugeuka mkaa pasipo kuyeyuka. Gundi nayo ijaribiwe juu ya bati safi, tanurini, kwa joto lile lile la kazi.

Pale mtengenezaji wa mashine au cheti cha usalama kilipotaja utepe fulani, ununuliwe huo huo bila ubishi. Lakini utepe wa kufunika bodi ya elektroniki wakati wa kulehemu, ambao hubanduliwa na kutupwa saa ile ile, hatuoni sababu ya kuulipia jina.